Diski ya Tatu

Kisanduku kilianza kulia pii, pii, mume wangu akiwa ametoka tu kwenda kazini. Kinakaa kabatini sebuleni, na ndani yake mna diski tatu zenye picha na video zote za nyumba hii. Ikifa moja, zile mbili zinabeba mzigo wake mpaka nitie mpya. Zikifa mbili, kwaheri. Humo tu ndimo alimobaki binti yetu Chiriku, akicheka na kuimba ovyo ovyo. Tulimzika akiwa bado hajaanza shule.

Nikachomoa diski yenye taa nyekundu, nikapigwa na butwaa. Ilikuwa ile mbovu ya zamani, yenye mkwaruzo wa kalamu niliouchora mwenyewe kabla ya kuitupia stoo. Diski haina miguu. Na kabati lina funguo mbili, wangu na wa mume wangu.

Nikatia diski ya akiba. Kisanduku kikaanza kuijaza polepole. Moja ya zile mbili ikigoma sasa, mtoto ndiyo basi tena. Nilishinda pale kama muuguzi wa zamu.

Jioni mume wangu aliingia, akaona kabati wazi, akajibaraguza.

"Leo hujapika?"

"Diski yangu iko wapi?"

"Nilitaka nikae na sauti ya Chiriku kule. Nikaweka ile mbovu ili udhani imekufa yenyewe."

"Kule wapi?"

Alikwenda chumbani, akavuta sanduku la safari kutoka uvunguni. Nguo zake zote zilikuwa zimekunjwa humo, na diski imo ndani ya soksi. Kumbe nimekuwa nikilala juu ya safari yake! Uchungu ulinipanda hadi kwenye meno.

"Moja peke yake haifunguki," nilimwambia. "Umeiba chuma. Na kwa chuma hicho nusura umpoteze mtoto mara ya pili. Ungeniomba, ningekunakilia hata mara kumi!"

"Ningekuombaje bila kukuambia naondoka?"

Sebuleni taa zote zilikuwa za kijani. Nikafungua video. Chiriku anaimba, na nyuma ya kamera sauti ya mume wangu inaita, "Mama Chiriku, njoo uone!" Mwenye sauti akakaa sakafuni, akalia. Mimi machozi hayakunitoka, hasira ilikuwa imeyakausha.

Nilimnakilia kila kitu kwenye flashi. Mtoto ni wake pia. Lakini niliishikilia mkononi mpaka alipoweka mezani ufunguo wa kabati, kisha wa nyumba.