Barabara Iliishia Kwenye Miwa

Sabir alifuta kioo cha greda kwa kitambaa, akampandisha mama yake kwenye kebini, akamfunika miguu kwa gunia la sukari. Bi Zamzam alikuwa amevimba uso. Figo zake zilikuwa hazifanyi kazi. Alitakiwa awe hospitali Kisumu akisafishwa damu, na zamu yake ilikuwa imeshapita.

Theluji ilikuwa inaanguka tangu Ijumaa, kuanzia milima ya Nandi hadi ziwani. Huko Kibos mabasi yalizikwa mpaka madirishani. Wakata miwa walijifunga matambara mikononi wakaendelea kukata. Greda ilikuwa moja tu, ya kiwanda cha sukari, na dereva wake alikuwa Sabir. Kazi yake ilikuwa kusafisha barabara kutoka kiwandani hadi shamba la mwisho la miwa, kisha kugeuza. Kutoka hapo kwenda mjini theluji ilimfika mtu kifuani, na waliopita walikuwa wafu tu, kwa sababu wafu hawazami. Jana yake alipita Odongo, aliyekufa kwa kichomi, akienda kwao na viatu mkononi.

Walipofika shamba la mwisho, malori yalikuwa yameshapakia. Sabir alimpigia simu meneja, akaomba apasue njia mpaka Kisumu, mara hii moja.

"Miwa ikilala inapoteza sukari," Walter alisema. "Na theluji ya huko mbele si yetu."

"Ni mama yangu, Bwana Walter."

"Pole sana. Geuza."

Akaongeza kwamba Waswa, dereva mwenzake, amekuwa akiiomba hiyo greda tangu mwaka jana, na Waswa hana mama. Simu ikakatika.

Sabir aliteremsha kisu cha greda hata hivyo, akaisukuma theluji mpaka pua ya greda ikazama. Nyuma madereva wakaanza kupiga honi.

"Umenibeba kama miwa," mama alisema, "lakini miwa inafika." Alicheka kidogo, akakohoa. "Geuza, mwanangu. Una watoto."

Sabir akageuza. Alipomaliza, mama alikuwa ameacha kupumua. Kisha mama akafungua mlango, akashuka bila kushikwa mkono, jambo ambalo hakuliweza tangu Ramadhani. Akajifunga leso vizuri, akapanda juu ya theluji. Haikubonyea.

"Njoo mjini, Kaloleni, unizike leo," alisema. "Mimi ni Mwislamu, silazwi mpaka kesho."

"Nitapita wapi, Mama?"

Bi Zamzam aliitazama barabara ya mjini, akamtazama mwanawe, akayatazama malori.

"Basi nitawaambia wazikaji wasikungoje," alisema, akaondoka.

Theluji ilizidi kuanguka. Sabir aliteremsha kisu, akaelekea kiwandani, na malori ya miwa yakamfuata.