Cheti cha Gachau

Cheti kilikuwa kimetiwa fremu na kutundikwa ndani ya kanisa la mabati pale Ruiru, juu ya ratiba ya sande skuli, na sahihi ya chini ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekuja tu kumsikiliza Becky, mjukuu wa rafiki yangu Maggie, akiimba.

Miaka miwili nyuma nilikuwa mshauri gerezani, upande wa Thika. Gachau, mwenye cheti hicho, alikuwa amefungwa kwa kumnajisi mtoto wa jirani. Miezi tisa nilikaa na wanaume kumi na wawili wa makosa kama hayo, kila mmoja akiandika mambo atakayoyakwepa akitoka. Wengine walilia, wengine walinitusi. Gachau aliisoma karatasi yake bila kigugumizi: "Sitakubali kuachiwa watoto." Nami, mjinga mimi, nikampigia makofi.

Msiniambie mafunzo yale ni bure. Tobias, wa kundi lile lile, anachomelea mageti huko Witeithie, na kila Jumamosi hunipigia simu: "Madam, niko sawa, lakini bado najiogopa." Gachau hakuwahi kujiogopa hata siku moja. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nilikuwa na haraka ya kuona mtu amepona.

"Madam!"

Ndiye huyo, suti ya kijivu, ufunguo wenye kibandiko cha "Chumba cha Watoto" ukining'inia shingoni. Akawageukia waumini. "Huyu ndiye aliyenibadilisha!"

Kanisa zima likapiga makofi. Pasta akanisogezea maikrofoni kwa furaha ya kweli, maskini. Cheti kilisema Gachau amehitimu mafunzo ya kurekebisha tabia. Tabia gani, hakikusema. Tuliona aibu kuiandika.

"Ile karatasi yako iko wapi?" nilimwuliza Gachau kwa sauti ya chini.

"Karatasi ni ya wagonjwa, Madam. Mimi nilipona. Si ulitia sahihi?"

Nikaishika maikrofoni kwa mikono miwili na kulitaja kosa lake kwa jina. Makofi yakakatika.

"Mkifika nyumbani, waulizeni watoto wenu," nikasema. "Polepole, bila kuwafokea."

"Ngai! Wilkister, unatuaibisha," Maggie alininong'oneza kwa hasira. Akageuka kumshika mjukuu wake mkono waondoke.

Becky hakuwa akinitazama mimi, wala Gachau. Alikuwa akiutazama ule ufunguo.