Imani Kamili ya Mwenyekiti

Meneja Mkuu wa timu ya mpira wa kikapu alijua kibarua chake kinakaribia kuota nyasi siku Mwenyekiti alipotangaza redioni kwamba ana imani naye kabisa. Mwenyekiti hakuwahi kuwa na imani kamili na mtu akabaki naye. Kocha aliyepita aliaminiwa kabisa mwanzoni mwa wiki, na wiki haijaisha akaonekana anapakia viatu vyake kwenye buti la gari.

Ofisini walikuwa wameshasikia. Mhasibu alimshika mkono kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole msibani. Katibu muhtasi, ambaye siku zote humwachia kila mtu akajichukulie chai mwenyewe, alimletea kikombe hadi mezani na sukari akamkorogea.

"Unajisikiaje?" akamuuliza kwa sauti ya hospitali.

"Nasikia nimeaminiwa," Meneja akajibu.

Timu ilikuwa ya kiwanda cha magodoro, na Mwenyekiti ndiye mwenye kiwanda. Jezi zilichorwa godoro kifuani, jambo lililowarahisishia kazi mashabiki wa wapinzani. Kila timu ilipofungwa, na msimu huu ilikuwa inafungwa kwa bidii, ukumbi mzima uliimba nyimbo za kubembeleza watoto.

Mchawi, kwa maoni ya kila mtu, alikuwa Mnara. Huyu alikuwa mchezaji mrefu kupita kiasi, aliyesajiliwa kwa mbwembwe zote, ila magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake. Magazeti yalimsulubu Meneja kwa usajili ule. Meneja akanyamaza, kwa sababu ukweli ni kwamba Mnara alichaguliwa na Mwenyekiti mwenyewe, aliyetaka mtu wa kulala kwenye tangazo la godoro jipya, refu kuliko yote sokoni. Tangazo lilifana. Hakuna mchezaji katika ligi nzima aliyelala vizuri kama Mnara.

Kocha naye hakunyamaza. Kocha alikuwa kaka wa mke wa Meneja, na walikuwa wanaelewana vizuri mpaka walipoanza kufanya kazi pamoja. Baada ya kipigo kimoja Kocha alisema mbele ya waandishi, "Mimi napika nilicholetewa." Meneja akajibu gazetini kwamba wako wapishi wanaounguza hata maji. Tangu hapo hawakusemeshana. Kocha akitaka mipira mipya, alimwambia dada yake, dada yake akamwambia mumewe wakati wa chakula cha jioni. Kwa utaratibu huo wa kitaalamu timu iliendelea kushuka.

Wiki hiyohiyo Mwenyekiti akamwita Meneja ofisini kwake, chumba chenye viti vya sponji laini kiasi kwamba mtu akikaa anazama na kubaki anamtazama Mwenyekiti kwa chini.

"Tunaongeza nguvu," Mwenyekiti alisema. "Tunaajiri Mkurugenzi wa Masuala ya Mchezo. Atashughulika na usajili, mikataba, benchi la ufundi na mipango ya msimu."

"Hizo ni kazi zangu, Mzee."

"Ndiyo maana nataka uwe kwenye jopo la usaili. Nani anazijua kuliko wewe?"

Meneja alijaribu kujiinua kitini, kiti kikamrudisha. "Na mimi nitabaki na kazi gani?"

"Wewe ni Meneja Mkuu," Mwenyekiti akasema, akishangaa kidogo kuulizwa. "Cheo hakiguswi. Utaratibu."

"Nitaratibu nini?"

"Mambo."

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke aliyeona watu wakipiga kelele kwa sababu za maana, kwa hiyo malalamiko ya mpira hayakumsisimua. Safari hii lakini alisikiliza hadi mwisho, kisha akageuza shati upande wa pili.

"Baba watoto," akasema, "ukikutana na mtu unayemfahamu kwenye huo usaili, usiharakishe kukasirika."

Meneja alidhani ni ushauri wa jumla.

Siku ya usaili, ofisini humohumo kwa Mwenyekiti, jopo lilikuwa la watu wawili, Mwenyekiti na Meneja, na kati yao chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Wa kwanza kuingia alikuwa mpwa wa Mwenyekiti, kijana mwenye kompyuta nyembamba na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Alionyesha michoro ya rangi. Mishale yote ilielekea juu. Mwenyekiti akamuuliza anaonaje usajili wa Mnara.

"Ni usajili wenye maono," kijana alisema. "Tatizo ni kwamba timu iliyobaki bado haijafikia kiwango cha maono hayo."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza muziki.

Wa pili akaingia, na Meneja akaelewa kwa nini mkewe alikuwa anapiga pasi shati lisilomtosha mtu yeyote nyumbani kwao. Alikuwa Kocha. Amevaa suti aliyoolea, kifungo cha tumboni kikiwa kinaomba msaada. Alikaa, akazama, akabaki anawatazama kwa chini.

Meneja akalitazama lile shati. Shemeji yake kabisa, aliyekula kwake sikukuu zote, amekuja kuomba kazi yake akiwa amenyooshewa shati kwa umeme anaoulipia yeye. Alijiandaa kusikia jina lake likiburuzwa chini.

Mwenyekiti naye alikuwa na hamu ya kusikia hayohayo. "Tuambie kwa uwazi," akasema. "Hii timu imeharibikia wapi?"

"Kwa Mnara," Kocha akajibu.

"Na nani alituletea Mnara?" Mwenyekiti aliuliza, huku ameshamgeukia Meneja kwa huruma.

Kocha alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama Mwenyekiti. "Wewe, Mzee. Shemeji alikataa mbele yangu. Alileta hadi picha za magoti kutoka hospitali. Ukasema godoro halihitaji magoti."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye karatasi kwa nguvu kiasi kwamba kalamu ilitoboa.

"Asante," akasema. "Tutakujulisha."

Jibu lilipatikana haraka. Kabla ya saa za kazi kuisha, mpwa alikuwa Mkurugenzi, na Meneja alikuwa amezama tena kwenye kile kiti.

"Kocha aondoke leo," Mwenyekiti alisema. "Wewe ndiye utamwambia. Umelalamika huna kazi, nimekupa."

"Sababu niandike nini?"

"Matokeo."

Meneja alifikiria mambo mengi kwa mara moja. Alifikiria ada za shule, na jinsi mkewe atakavyomtazama, na jinsi alivyokuwa anamchukia Kocha hadi asubuhi ileile. Alifikiria pia kwamba miaka yote aliyokaa pale hakuna mtu aliyewahi kumtetea, na wa kwanza kufanya hivyo ndiye anayetakiwa amfukuze. Akashika mikono ya kiti akajisukuma mpaka akasimama.

"Matokeo ni yangu pia, Mzee. Na mengine ni yako. Simfukuzi."

"Basi umejifukuza mwenyewe."

"Sawa. Hilo liratibu wewe."

Alimkuta Kocha mazoezini, bado na suruali ya suti, koti limening'inia kwenye mlingoti wa kikapu. Wachezaji walikuwa wanakimbia huku na huku, isipokuwa Mnara, aliyekuwa anapumzika. Meneja alimweleza yote kwa maneno machache, kwa sababu walikuwa wamepoteza mazoea ya kuongea.

Kocha akapuliza kipyenga, akawaruhusu vijana waende. "Kwa hiyo na wewe?"

"Na mimi."

Wakakaa kwenye benchi. Meneja akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mchana. "Shemeji, uliombaje kazi yangu bila hata kuniambia?"

"Tulikuwa hatusemeshani," Kocha alisema. "Nilijua wewe unaondoka tu, kila mtu alijua. Nikasema bora nikae mimi kuliko yule mpwa, halafu nikuajiri uwe msaidizi wangu."

"Msaidizi wako."

"Ningekupa ofisi nzuri."

Meneja alitaka kukasirika, akakuta kicheko kimetangulia.

Usiku taarifa ya klabu ikasomwa redioni: pande zote zimeachana kwa maelewano na kutakiana heri, na Mwenyekiti ana imani kamili na Mkurugenzi mpya. Waliisikiliza wote watatu mezani. Mke wa Meneja alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake, akaendelea kupakua wali.

"Nina zamu ya asubuhi kesho," akasema. "Mmoja wenu atapeleka watoto shule, mwingine atafua. Mkishindwa kuelewana nani afanye nini, msinitume mimi."