Kitambaa Chekundu Kitini

Babu yake, mzaa baba, alilinda ghala la nafaka, na hakuna punje iliyotoka mle bila idhini. Baba yake alishika funguo za shule hadi kichwa kikawa cheupe. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, wote wakimwita Bwana. Yeye mwenyewe, mwana wa watu hao, alikuwa bawabu wa bwawa la kuogelea la mtaa, na hakuwahi kumpitisha mtu kwa kumwonea haya. Asiye na kadi ya ukazi alirudi alikotoka. Hata mwenyekiti wa kamati aliwahi kurudishwa nyumbani, taulo begani, na tangu siku hiyo watoto wakambandika bawabu jina la Bwana Rudi.

Zamani waokoaji walikuwa wawili. Kamati ilipobana matumizi, alibaki mmoja: mtoto wa dada yake bawabu, kijana ambaye bawabu mwenyewe alimwombea kazi. Kwa kuwa ukuta ulimzuia bawabu kuyaona maji, mjomba na mpwa waliwekeana utaratibu. Mwokoaji akiwa kitini, kitambaa chekundu kitundikwe kwenye mgongo wa kile kiti kirefu, kionekane kutoka langoni. Akitaka kwenda kula au msalani, apulize filimbi, watu watoke majini, ashushe kitambaa, na lango lifungwe.

Wakazi walinung'unika. Walimtania kijana kwamba tumbo lake ndilo mwenyekiti wa kweli wa kamati, maana likinguruma mtaa mzima hutoka majini. Maneno yakamwingia. Akaanza kuondoka kimyakimya, kitambaa akikiacha palepale.

Siku moja mchana alifika bibi mmoja, mpangaji, na mjukuu wake wa kike. Alionyesha kadi, kisha akasita, mkono wa mtoto mkononi mwake. Alieleza kwamba yeye hajui kuogelea hata kidogo.

"Mwokoaji yupo?"

Bawabu aliinua macho. Kitambaa kilikuwa kikipepea.

"Yupo, bibi. Piteni."

Hakuwa amemaliza kukagua kadi ya mtu aliyefuata aliposikia ukelele. Aliliacha lango wazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kiti kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa majini hadi kifuani, nguo zikielea, mikono ikipapasa kumtafuta mjukuu aliyezama. Bawabu naye hakujua kuogelea. Alinyakua mti mrefu wenye wavu, ule wa kuopolea majani, akamvuta mtoto kwa huo hadi ukingoni. Mtoto akatapika maji, kisha akalia. Alipona, lakini nyumbani kwao walisema hata ndoo ya kuogea sasa anaikimbia.

Mpwa alirudi akijipangusa midomo.

Jioni dada yake bawabu alikuja, akaketi bila kungoja kukaribishwa.

"Kaka, huyu ndiye anayetulisha mimi na wadogo zake. Kitambaa kila mtu alikiona. Sema hilo tu, wala hutakuwa umedanganya."

Mwenyekiti naye alipiga simu na kuomba jambo lile lile, kwa sababu zake: ikijulikana kwamba kiti kilikuwa kitupu, watu watauliza mwokoaji wa pili alikwenda wapi.

Kwenye kikao cha wakazi yule bibi alikaa mbele kabisa, macho hayambanduki bawabu. Mwenyekiti akauliza, kwa sauti ya upole, kama kitambaa kilikuwepo.

"Kitambaa kilikuwepo," alijibu. "Mtu hakuwepo. Na mliomwondoa mwenzake ndinyi mliokaa kwenye meza hiyo." Akamwonyesha bibi kwa mkono. "Bibi huyu aliniuliza, nikamjibu pasipo kuona. Mimi ninayemdai kila mtu kadi."

Kijana alifukuzwa, waokoaji wapya wawili wakaajiriwa. Bawabu aliachwa langoni, na sasa halifungui kabla hajakwenda mwenyewe kuuona uso wa aliyeketi kitini. Dada yake hupita hapo kila siku, wala hamsalimu.

Mpwa alipokuja kuchukua nguo zake, alisimama langoni.

"Mjomba, ungesema kitambaa tu, yangekwisha."

"Babu yangu hakulinda ghala kwa kutundika kofia mlangoni," bawabu alimwambia. "Nenda kawaambie vijana wenzako. Mkipewa kiti, kaeni. Mkilazimika kuondoka, semeni mnaondoka, hata mkichekwa. Nisikilizeni, tena nisikilizeni sasa, kwa maana siku nyingine ule mti wa kuopolea majani hautafika."