Serikali Nayo Ipige Hodi

Kaka yangu alikuwa fundi wa kufuli kabla hajawa mbunge, na alipoupoteza ubunge alirudi kwenye kufuli zake. Bungeni walimwita Mheshimiwa Hapana. Leseni ya kusuka nywele, hapana. Saa ya lazima ya kufunga maduka, hapana. Kuongeza mishahara ya wabunge wenyewe, hapana, na siku hiyo hata wapinzani wenzake walimzomea. Hotuba yake ilikuwa moja tu: "Jirani akija kwako anapiga hodi. Usipomkaribisha, anarudi alikotoka. Basi serikali nayo ipige hodi!"

Haikupiga. Polisi walivunja mlango wake mara mbili wakamburura nje mama akiona. Mara ya pili alirudi sikio la kushoto limekufa.

Alipogombea tena, siku chache kabla ya kura, askari wa manispaa walivamia soko asubuhi. Walipindua meza na kuwapiga marungu wanawake waliokuwa bado wanapanga nyanya. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mjamzito, alipigwa tumboni. Ndipo soko likaokota mawe.

Nilikuwa nafagia kwenye kibanda cha kufuli cha kaka, hapo hapo sokoni, askari mmoja alipoingia mbio, kiatu kimoja mguuni, kichwa kimepasuka. Kaka alifunga mlango na kusukuma komeo.

"Umepiga hodi?" akamuuliza.

"Ho... hodi, mzee."

"Karibu. Ingia chini ya meza."

Nje nikasikia sauti ya mume wangu. Ana bucha pale sokoni, na ndiye aliyekuwa akiongoza kampeni ya kaka.

"Shemeji, tutolee huyo!"

"Huyu atakwenda mahakamani."

"Mahakama ya nani? Dada yangu anavuja damu hapa chini, nawe unamfungia muuaji mlango?"

"Mpelekeni hospitali, shemeji. Mlango ni ule ule niliousema siku zote."

"Kura zako ziko huku nje, Mheshimiwa!" mtu akapaza sauti.

"Hapana," kaka akajibu, na umati ukacheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko mawe.

Shoka likaanza kazi. Nilipiga magoti katikati ya funguo zilizomwagika nikamwomba Mungu awageuze mioyo. Mbao zilipasuka vipandevipande. Komeo lenyewe halikufunguka. Kaka alijitupa juu ya askari na kushikilia mguu wa chuma wa meza. Walimpiga mateke ya mbavu. Hakuachia. Mume wangu akachukua nyundo ya kaka mwenyewe akaishusha juu ya ule mkono ulioshika chuma. Nilisikia mifupa. Akaishusha tena.

Nikajilaza juu ya kaka.

"Baba watoto," nikasema, "sasa anza na mimi."

Nyundo ilibaki juu. Uso wake siutaki kuuona tena. Aliitupa ukutani akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakitutemea mate.

Askari alipona. Mtoto wa wifi hakupona. Kura alizopata kaka hazikujaza kofia, na mkono wake wa kulia hautashika tena tupa ya kuchongea funguo. Mimi nilihamia kwake na wanangu.

Baada ya mazishi, jioni moja, tulikuwa tumekaa ndani ya kibanda. Mahali pa mlango uliovunjwa palikuwa na pazia tu.

"Hodi."

Nilimjua. Niliomba kimoyomoyo kaka asijibu.

"Hodi humu ndani."

Kaka alinitazama, mkono wake umefungwa bandeji nene kama mkate. "Sikio langu hili bovu," akasema taratibu. "Eti kuna mtu nje?"

Alikuwa amesikia vizuri. Alikuwa ananiachia mimi.

"Hodi," kwa mara ya tatu, kwa sauti ya chini.

Nilimwomba Mungu anipe neno la kusamehe. Hakunipa. Alinipa la kweli.

"Leo hapana, baba watoto," nikasema. "Kesho upige tena."

Kivuli chake kilisimama kwenye pazia, kitambaa chepesi ambacho kidole kimoja kingekisogeza. Kisha viatu vyake vikaondoka, taratibu, na pazia halikuguswa.