Kiti cha Zelda

Menashe alihesabu watu sinagogini mara ya pili, ingawa macho yalikuwa yameshamwambia. Kwao mtu hahesabiwi kwa namba kama mbuzi. Ipo aya yenye maneno kumi, nawe humgawia kila mwanamume neno lake kwa kidole. Alianza na Ovadia mzee aliyeota moto karibu na jiko, akamalizia kwake mwenyewe, na neno la mwisho, "milele," likabaki halina mtu. Nje dhoruba ilikuwa inapiga madirisha tangu Ijumaa jioni. Umeme umekatika, barabara ya kupanda kilimani imezibwa na theluji, na rabi amekwama kwa mkwewe huko bondeni.

"Tisa," alisema Ovadia. "Basi kila mtu aombe kivyake, twende zetu tukale."

"Leo ni mwaka wa Elkana."

Ovadia, aliyekwisha kuanza kuinuka, akakaa tena. Elkana, mtoto wa pekee wa Menashe, gari lilimpindukia kwenye barafu siku kama hii. Mwaka ukitimia, baba husimama sinagogini akamsomea mwanawe Kadishi, sala ya wafiwa, na Kadishi haisomwi pasipo wanaume kumi wa kuitikia Amina. Asubuhi ile mkewe, Tirtza, alikuwa ameketi kando ya taa ya marehemu. Alimwambia neno moja tu: "Baba Elkana, usirudi hujamsomea."

"Wa kumi yupo," Ovadia akasema, akikuna ndevu. "Tena jirani yako. Ila huyo ulimfuta wewe."

Menashe akafunga koti, akatoka.

Penye kona aliona nguzo imelala chini na waya wa mpaka unaozunguka kilima umekatika. Waya ule ukiwa mzima, kilima chote huwa kama nyumba moja, na siku ya Sabato mtu hubeba mtoto wake na chungu chake bila wasiwasi. Ukikatika, hata leso haitoki mlangoni. Menashe ndiye aliyekuwa akiukagua, na ndiye msimamizi wa sinagogi, na watu walimwogopa kwa yote mawili. Wapo watu wa namna hiyo bwana, ukiwapa sheria mkononi wanaifanya fimbo.

Getzel, yule jirani, alifungua mlango huku ameshikilia ukuta. Magoti yake yalikuwa yamekwisha.

"Sabato njema, Mzee Getzel."

"Loo! Msimamizi mwenyewe! Umepotea njia, au theluji imekuingia machoni?"

"Tuko tisa. Ni mwaka wa Elkana."

"Najua ni mwaka wa nani. Kijana yule alikuwa ananiletea kuni kila wiki. Hukujua, eh? Alinikataza nisikwambie."

Menashe hakujua. Lilimchoma, akalimeza.

"Njoo, nakuomba. Shika bega langu. Tutakwenda hatua kwa hatua."

"Bega lako sitaki." Getzel akaonyesha kwa kidevu nyuma ya mlango. "Nitakwenda na kile."

Kilikuwa kiti cha magurudumu cha marehemu mkewe, Zelda, na blanketi lake bado limekunjwa juu yake. Menashe alikifahamu. Majira ya baridi ya mwaka juzi, siku ambayo waya ulikatika vilevile, Getzel alimsukuma Zelda mpaka mlango wa sinagogi. Mwanamke alikuwa mgonjwa wa kufa, kabaki mifupa, anataka tu kusikia maombi. Menashe akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kiti hicho ni mzigo, hakipiti. Mvunja Sabato wewe!" Akafunga mlango. Zelda akakaa nje chini ya dirisha, theluji inamwangukia mapajani, mpaka watu walipomaliza. Pasaka haikumkuta. Getzel alipokuja kumsomea Kadishi, Menashe alihesabu watu, kidole kikamruka. "Mvunja Sabato hahesabiwi," akasema. Na hao wengine? Walitazama viatu vyao. Tangu siku hiyo Getzel hakukanyaga tena pale.

"Waya umekatika," Menashe alisema.

"Hata siku ile ulikuwa umekatika. Nisukume, au rudi ukasome peke yako. Chagua."

Menashe alilitazama lile blanketi. Akamfikiria Tirtza na ile taa. Kisha akashika mishikio ya kiti.

Magurudumu yalizama. Ikabidi ageuke, akivute kinyumenyume, huku upepo unamtoa machozi na Getzel ameketi kimya kama bwana harusi. Wakapita chini ya dirisha la Tirtza. Wakapita uwanjani. Walipofika, watu wanane walikuwa wamejazana dirishani, pua zimegandana na kioo.

"Mkuki kwa nguruwe," Ovadia alinong'ona, "kwa binadamu mchungu."

Menashe aliingia anahema, akamsaidia Getzel kukaa karibu na jiko. "Haya, tuanze. Tumetimia."

"Subiri kwanza," alisema Getzel. "Ovadia, tuhesabie."

Mzee akaanza aya yake, neno kwa mtu, mtu kwa neno. Kidole kilipomfikia Menashe, Getzel akainua mkono.

"Huyo mruke. Kavunja Sabato, mmemwona kwa macho yenu. Mvunja Sabato hahesabiwi. Sheria si yangu, ni yake."

"Getzel, acha utani!"

"Nani anatania? Haya, nawapa njia rahisi. Aseme hapa mbele yenu kwamba kiti cha Zelda hakikuwa dhambi, kwamba bila sababu alimfungia mlango mtu anayekufa. Maneno hayo tu. Akisema, mimi ni wa kumi, na Amina yangu itasikika mpaka bondeni."

Watu wote wakamgeukia Menashe. "Sema, ndugu yangu," Ovadia alimsihi. "Sema tu, yaishe."

Maneno yale hata mtoto angeyasema. Lakini Menashe alipofungua kinywa aliwaona wote waliokuwa wanamtazama, watu aliowakemea miaka yote, huyu kwa mwavuli, yule kwa kigari cha mtoto. Akisema, atakuwa nani kwao kesho? Na yule mwanamke chini ya dirisha atakuwa ni nini, ikiwa haikuwa sheria? Sema, mtu wewe! Mwanao anakungoja! Midomo ikacheza. Uso ukamwiva.

"Sheria ni sheria," alisema Menashe. "Tuko tisa."

Jiko lililia, upepo ukalia. Getzel alimtazama muda mrefu, na ule ushindi aliokuja nao ukamtoka usoni wote.

"Mimi nilikuja kusema Amina, Menashe," alisema. "Haki ya Mungu, nilidhani utasema."

Vijana wawili wakamshika mabegani, wakamrudisha kwake taratibu kwa miguu. Kiti kikabaki mlangoni, theluji inakifunika.

Nyumbani Tirtza alimpokea kwa macho mekundu yanayocheka. Akamvua koti, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

"Nimekuona dirishani," alisema. "Nimekuona unamvuta Mzee Getzel. Nimelia, Baba Elkana. Nikasema moyo wa mume wangu umelainika, mwanangu hakufa bure. Kumbe mlitimia kumi?"

Menashe alitazama ile taa.

"Kumi walikuwepo," akasema.

Tirtza akafunua chungu cha hamin kilichokuwa juu ya jiko la mafuta tangu jana, akapakua bakuli limejaa, nyama na maharage na yai, akajitanda shali.

"Unakwenda wapi?"

"Kumpelekea. Ameitikia Amina ya mtoto wangu, akae na njaa?"

"Waya umekatika, Tirtza."

"Si ulikuwa umekatika hata ulipomvuta?" Akacheka kidogo, akatoka.

Angeweza kumwita. Alikwenda mpaka dirishani, akaweka mkono kwenye kioo, na hakumwita. Alimwona anavuka theluji ameshika bakuli kwa mikono miwili, anabisha. Mlango ukafunguka. Getzel alisema jambo, na Tirtza akawa amesimama pale pale, bakuli mkononi, kichwa kimeinama, mpaka Getzel akamshika kiwiko akamwingiza ndani.

Menashe akakaa kumngoja. Chakula chake kikapoa mezani, Sabato ikaisha, na taa ya Elkana ikazimika, naye Tirtza hakuwa amerudi.