Sufuria za Mama Marceline

...na kamba ya manjano imelegea tena, mtu aikaze, anafikiri Daktari Karima, amesimama upande wake, mlangoni pa wodi ya Korona, na ng'ambo ya kamba Mama Marceline amenyoosha mkono, ameshika chakula kilichofungwa kwa majani, kinanukia moshi na samaki, "Dokta, leo siko na sufuria tena, zote mulikamata, bon, nimefunga liboke, majani muchome tu," na anacheka, anacheka kweli, jino la mbele halipo, cheko hilohilo alikuwa nalo Bavon mwanawe alipoletwa wodini, akisema, "Dokta, mimi mutoto ya Wagenia, wavuvi ya maporomoko, maji yake haikuniweza, kikohozi ndiyo itaniweza?"... kimemweza, alfajiri ya leo, Karima aliandika saa ya kifo, akavua glavu, akavaa nyingine, hakulia, zamani alikuwa akijifungia chooni kulia, siku hizi yu kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, unaukanyagia tu, unakwenda... mwambie, mwambie sasa, lakini mama anawahi kuuliza, "Ya jana alikula?" na Karima anaivuta barakoa juu, barakoa ni kitu kizuri, inaficha... chombo kikiingia hakitoki, sheria hiyo aliitunga yeye, siku za mwanzo, hofu ikingali mbichi, na mama hakubisha, kila siku alileta sufuria na kila siku akarudi mikono mitupu, ile ya mfuniko wa buluu, ile iliyovunjika mkono, hata ile kubwa ya sikukuu, zote ziko nyuma ya wodi, zimesuguliwa kwa maji ya klorini, zimepangwa, zinang'aa, hazina ugonjwa wowote, hakuna aliyekumbuka kuzirudisha... "Dokta, unasikia? Nimetia na kipande yako, umekonda sawa samaki ya kukausha!" anasikia, mama, anasikia, mwili watauzika wale wa mavazi meupe, mama atatazama kwa mbali, halafu atarudi nyumbani kule kando ya mto, na watu watakuja, matanga hayaombi ruhusa ya daktari, tonton, mjomba wa marehemu, majirani, watakaa chini, watoto wao watalia njaa, na Mama Marceline, maana ndivyo alivyo, atajifuta machozi kwa kitenge aende kuwapikia, atanyoosha mkono mahali sufuria zinapokaa... atapikia nini?... atapikia nini, Mungu wangu, na ganzi inaanza kuchoma, inachoma kama mguu unapoamka, huwezi kuukanyagia wala kuuacha, na mkono wa mama bado uko juu ya kamba, liboke bado ni la moto, "Dokta?" na Karima anajua hatalipokea hili liboke, wa kulila hayupo tena, na anajua atakayebeba zile sufuria mpaka kando ya mto, zote, na ile isiyo na mkono, ni yeye...